Kuseti bagi la rimoti kwa njia inayoteleza na inayonata: mwongozo kamili

Mwongozo huu ni wa bagi la umeme la kipimo cha 1/10 linalosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma, lenye betri ya LiPo ya seli 2 na rimu za inchi 2.2. Tumelichagua kwa sababu hakuna gari la rimoti linaloanika makosa ya seti upesi kama hili. Mbele hakuna mota ya kulivuta, kwa hiyo nyuma ikipoteza mshiko linazunguka papo hapo, na mbele ikipoteza mshiko linakwenda moja kwa moja ukutani. Mwenye 4WD au bagi la 1/8 atafuata mantiki ileile, ila namba zake zitakuwa nyingine.

Mshiko ni nguvu ya tairi kuing'ang'ania ardhi. Tairi hushika zaidi kadiri inavyokandamizwa, na kinachoikandamiza ni uzito wa gari unaohama: ukipiga breki unakwenda mbele, ukikanyaga moto, yaani ukiongeza mwendo, unarudi nyuma, ukikata kona unalalia upande wa nje. Karibu kila skrubu utakayoigusa inabadilisha kitu kimoja, yaani uzito huo unahama kiasi gani na kwa kasi gani. Njia ikiteleza, liachie gari lilale na kuinuka ili tairi zikandamizwe. Njia ikinata, lizuie, maana uzito wote ukiishia kwenye tairi mbili za nje, gari litapinduka katikati ya kona. Ukishika hilo, hata ukisahau namba zote zilizo hapa chini utaweza kuzitafuta upya mwenyewe.

Soma njia kabla ya kufungua sanduku la vifaa

Tembea njia yote kwa miguu. Sugua ardhi kwa soli ya kiatu mahali gari linapopita, si pembeni. Vumbi likiinuka na soli ikateleza juu ya punje kama za mchanga, huo ni mshiko mdogo. Udongo mwekundu mkavu ambao haujamwagiwa maji uko hivyo karibu saa zote za mchana. Udongo ukiwa na unyevu kidogo na kiatu kikiacha alama bila vumbi, huo ni mshiko wa kati. Ukiona mstari wa rangi ya kijivu au weusi unaong'aa, udongo wa mfinyanzi umekandamizwa ukawa kama sakafu na mpira wa tairi umeshaingia ndani yake. Hapo mshiko ni mkubwa ijapokuwa ni udongo, kama ilivyo kwenye njia nyingi za ndani za Marekani. Zulia na nyasi bandia, zinazopendwa sana Uingereza na kwingineko Ulaya, ndizo zinazonata kuliko zote.

Mstari huo mweusi unaweza kuwa na upana wa nusu mita tu. Ukitoka nje yake unakanyaga vumbi. Kwa njia ya namna hiyo usiseti gari kwa mshiko mkubwa kupita kiasi, kwani kosa dogo moja litalirusha nje na halitarudi.

Angalia pia mashimo. Njia inayonata lakini yenye mashimo haiwezi kupewa seti ngumu ya zulia. Gari litaruka juu ya mashimo, na tairi iliyo hewani haishiki chochote.

Vifaa vya kupimia

Unahitaji kipimo cha kimo cha chasisi (kile cha ngazi za milimita), kipimo cha kemba (mlalo wa gurudumu likitazamwa kutoka mbele), vanieri, mizani ya jikoni inayosoma gramu, bisibisi za pembe sita za milimita 1.5, 2.0 na 2.5, ubao mgumu au kioo kinene cha kuwekea gari, na daftari. Hilo daftari lina thamani kuliko springi za ziada. Bila kuandika, baada ya mabadiliko manne hutajua lipi lilisaidia na lipi liliharibu.

Tairi: hapa ndipo penye kazi kubwa

Tairi isiyofaa haiokolewi na shokapu wala difu (kifaa kinachogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya nyuma). Ukikuta wenzako wanakupita kwa sekunde mbili kwa mzunguko, usiguse kitu chochote kingine kabla hujaangalia tairi zao.

Kwenye vumbi lililolegea tumia tairi yenye vijiti virefu vilivyoachana, ili vipenye vumbi na kufikia udongo mgumu ulio chini. Vijiti vikiwa vifupi na vya karibu karibu, nafasi kati yao hujaa vumbi na tairi inageuka kuwa duara laini. Kwenye udongo wenye unyevu, vijiti vya urefu wa kati vyenye vichwa vya mraba hufaa. Kwenye mfinyanzi ulioshikana na weusi, tumia vijiti vifupi sana, vilivyochakaa, au tairi isiyo na kashata kabisa, maana hapo mpira wenyewe ndio unaoshika. Kwenye zulia watu wengi huweka vijiti vidogo vilivyosongamana nyuma, mfano Mini Pin ya Schumacher, na mbele tairi yenye mistari iliyokatwakatwa, mfano Cut Stagger.

Mpira wenyewe una ugumu tofauti. Mpira laini hushika zaidi lakini huisha haraka, na siku ya joto kali huweza kulegea mno hadi vijiti vikapinda na gari likawa kama linaogelea. Ukiona hivyo panda daraja moja la ugumu, ingawa moyo utakuambia ubaki na laini.

Njia nzuri ya kujua kama tairi inafaa ni kuitazama baada ya mizunguko mitatu ya kasi. Ichukue mkononi, igeuze kuelekea kwenye mwanga. Vijiti vikiwa vimejaa vumbi hadi shinani, ni vifupi mno kwa njia hiyo. Vikiwa safi, vyeusi, na kingo zake zimeanza kuwa na vinyuzi vya mpira upande mmoja, vinafanya kazi. Vikiwa vimeng'oka au vimekatika shinani, ni virefu au laini mno kwa mshiko uliopo. Pitisha kidole pia: tairi ya nyuma ikiwa vuguvugu na ya mbele baridi kabisa, mbele haifanyi kazi yake.

Sponji ya ndani nayo ina kazi yake. Sponji laini yenye matundu wazi huruhusu tairi kubonyea na kushika kwenye njia inayoteleza au yenye mashimo. Sponji ngumu yenye matundu yaliyofungwa hulinda umbo la tairi kwenye mshiko mkubwa, ambapo tairi laini hujikunja chini ya rimu na kulitupa gari.

Kugundisha tairi hufanywa hivi:

1. Osha ukingo wa rimu na midomo ya tairi kwa spiriti. Mafuta yanayobaki kutoka kiwandani ndiyo sababu kubwa ya tairi kubanduka.
2. Hakikisha kuna tundu la kupumulia. Kama rimu haina, toboa matundu mawili ya milimita 2 hadi 3 yanayotazamana. Bila hayo hewa hubanwa ndani na tairi hudunda kama mpira baada ya kuruka.
3. Ingiza sponji, ikae sawasawa pande zote. Iliyojikunja hulifanya gurudumu litetemeke.
4. Vuta mdomo wa tairi kidogo, tia tone la supagluu nyembamba, achia. Fanya sehemu nne zinazotazamana kwanza, kisha jaza katikati.
5. Acha upande mmoja ukauke dakika 10 kabla ya kugeuza. Kisha jaribu kubandua kwa kidole kuzunguka gurudumu lote. Panapofunguka, ongeza tone.

Kwenye zulia kuna hatua moja zaidi. Paka supagluu nyembamba kwenye ubavu wa nje wa tairi za mbele, mkanda wa milimita 3 hadi 5 kuanzia karibu na rimu. Ubavu ukikauka unakuwa mgumu na hauumi zulia gari linapolala, kwa hiyo halipinduki. Usifikishe gundi kwenye vijiti vya pembeni mara ya kwanza. Kuongeza ni rahisi, kuondoa haiwezekani.

Seti ya msingi

Kila kitu kianzie hapa. Weka gari katika hali ya mbio kamili: betri ndani, bodi juu, tairi utakazotumia.

Kwanza jenga shokapu upya. Fungua, futa oili ya zamani, kagua oringi. Jaza oili ya silikoni hadi juu, pandisha na kushusha pistoni polepole mpaka mapovu yaache kutoka, kisha iache shokapu imesimama dakika 10. Funga kifuniko huku skrubu yake ya kutolea hewa ikiwa wazi, sukuma shafti taratibu hadi mwisho, oili ya ziada itoke, kisha funga skrubu. Shika shokapu mbili za ekseli moja pamoja na uzisukume kwa wakati mmoja. Zinapaswa kuingia na kurudi sawa. Moja ikitoa sauti ya kububujika, ina hewa, rudia. Usiendelee na seti yoyote gari likiwa na shokapu mbili zisizolingana, maana litakata kona ya kulia tofauti na ya kushoto, nawe utakuwa unatibu ugonjwa usiokuwepo.

Kwa shokapu kubwa za siku hizi, pistoni zenye matundu mawili ya milimita 1.6 mbele na 1.7 nyuma ni mwanzo mzuri, na oili ya cst 400 mbele na 350 nyuma (cst ni kipimo cha uzito wa oili, namba kubwa ni nzito zaidi). Ikiwa chupa zako zimeandikwa kwa wt, kwa kipimo cha Team Associated 30wt ni cst 350, 35wt ni 425 na 40wt ni 500. Makampuni mengine hayafuati hesabu hiyo, kwa hiyo ziamini zaidi chupa zinazotaja cst.

Pima kimo. Sukuma gari chini mara tatu, liachie, pima chini ya chasisi mbele na nyuma. Anza na milimita 22 kote. Rekebisha kwa kola za springi, kulia na kushoto zikiwa sawa.

Kagua kama gari limekaa sawa. Liweke kwenye kioo, ingiza ncha ya bisibisi katikati kabisa chini ya pua na uinue polepole. Magurudumu yote mawili ya mbele yaachane na kioo kwa wakati mmoja. Rudia nyuma. Moja likitangulia, chasisi imepinda, springi hazilingani, au betri imewekwa upande. Ukiwa na betri fupi na vifaa vya umeme upande mwingine, sogeza hadi uzito ulingane, na ukishindwa bandika vipande vya risasi upande mwepesi.

Kemba iwe digrii 1 hasi, yaani juu ya gurudumu kulalie ndani, kwa magurudumu yote manne, gari likiwa kwenye kimo chake. Magurudumu ya nyuma yaelekee ndani digrii 3 kila upande. Ya mbele yawe sambamba au yafunguke nje kwa digrii 1. Kasta ya jumla, yaani mlalo wa pua ukijumlisha na ule wa kitovu cha mbele, ibaki kati ya digrii 25 na 30. Mikono ya nyuma, ile inayobeba magurudumu, iinuke mbele kidogo, digrii 1, ili gari lisikae chini kupita kiasi unapokanyaga moto. Difu ya giya itiwe oili ya cst 5000. Betri iwe katikati ya nafasi yake.

Difu nayo ina kipimo chake. Jaza mpaka oili ifunike pini za msalaba na ibaki nafasi ya kama milimita 1 chini ya ukingo, kisha ipime kwa mizani na uandike gramu. Safari nyingine ukiijaza, fikia gramu zilezile. Difu iliyojazwa hadi juu huwa nzito kuliko namba iliyo kwenye chupa na huvujisha oili kwenye oringi.

Mwisho weka klachi ya kuteleza. Kaza nati, weka gari njiani, toa moto wote kutoka kusimama. Unatakiwa usikie mlio wa kuteleza kwa kama nusu mita, kisha unyamaze. Usiposikia kitu, legeza robo ya mzunguko. Ukiendelea kusikia mlio hadi mita mbili, kaza, la sivyo utaiunguza.

Njia inayoteleza

Sasa lilegeze gari. Fuata mpangilio huu, ukijaribu mizunguko mitano kila baada ya hatua moja, na mbili za kwanza ndizo zenye nguvu kuliko zote baada ya tairi.

Sogeza betri nyuma hadi mwisho. Uzito juu ya ekseli ya nyuma ndio mshiko wa kutoka kona. Kwa sababu hiyohiyo RC10 ya Team Associated ya mwaka 1984 ilikuwa na mota nyuma ya ekseli, na mpango huo ulitawala udongo kwa miongo kadhaa. Kama bagi lako linakubali mota nyuma na katikati (mbele ya ekseli hiyo), njia ya vumbi inastahili mota nyuma. Kama ni la katikati pekee, bandika gramu 20 hadi 30 za shaba chini ya boksi la giya.

Punguza oili na springi: cst 325 hadi 350 mbele, 275 hadi 325 nyuma, springi laini hatua moja pande zote. Hamisha kichwa cha shokapu tundu moja kuelekea katikati kwenye mnara (bamba linaloshika vichwa vya shokapu). Shokapu ikilala zaidi huanza laini na kukaza kadiri inavyobanwa, kwa hiyo gari linalala taratibu na dereva analihisi kabla halijaponyoka.

Pandisha kimo hadi milimita 23 au 24. Gari lililo juu hulala zaidi. Pia ondoa washa zilizo ndani ya shokapu zinazozuia shafti kutoka, ili gurudumu lishuke zaidi gari linapoinuka. Unapokanyaga moto, pua itainuka na uzito ushuke nyuma.

Ondoa stabilaiza zote mbili (vyuma vyembamba vinavyounganisha mkono wa kulia na wa kushoto). Ongeza washa ya milimita 1 chini ya boli ya ndani ya tairodi ya juu, ile ya kemba, nyuma. Ikipanda, gari hulala zaidi na tairi za nje zikakandamizwa. Tairodi ndefu humpa dereva gari tulivu zaidi, fupi humpa gari lenye haraka. Kwenye vumbi chagua ndefu.

Difu ishuke hadi cst 2000 au 3000, na hapa difu ya gololi bado ni nzuri sana. Difu nyepesi huacha gurudumu la ndani na la nje yazunguke kila moja kwa mwendo wake, kwa hiyo nyuma haisukumwi pembeni unapokata. Ikiwa nyepesi mno utasikia gurudumu la ndani likizunguka bure unapotoka kona na gari likakosa nguvu. Hapo rudi juu kwa hatua ya 1000.

Magurudumu ya nyuma yaelekee ndani digrii 3.5. Sogeza vitovu vya nyuma mbele kwa washa moja, ili uzito mwingi zaidi ukae juu ya ekseli. Bawa liwe kubwa na lenye mlalo mkali zaidi, ingawa kwenye njia fupi ya mwendo mdogo hutahisi tofauti kubwa.

Umeme nao unasetiwa. Kwenye kidhibiti mwendo punguza ukali wa mota kuanza, na breki ya kujivuta, ile inayojishika ukiachia moto, iwe sifuri hadi asilimia 5. Mota ya zamu 17.5 (mizunguko ya waya ndani yake; zamu nyingi ni mwendo mdogo) hufundisha kwenye vumbi kuliko ya 7.5, mwenye 7.5 apunguze mwisho wa moto kwenye rimoti hadi asilimia 70 kwa mizunguko ya mwanzo. Jairo ya kulinyoosha gari inakatazwa katika mbio nyingi rasmi, kwa hiyo usijifunze kuitegemea.

Njia ya kati

Hapa seti ya msingi inatosha. Kinachobadilika ni stabilaiza nyembamba ya nyuma, milimita 1.1 au 1.2, endapo gari linayumba likibadilisha upande kwa haraka. Baada ya kuifunga, inua gurudumu moja la nyuma kwa kidole. La upande wa pili liinuke mara moja, na ukijaribu upande wa pili iwe vilevile. Likichelewa, viungo vya boli vimebana au urefu wa viunganishi haulingani, na stabilaiza ya namna hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa nayo.

Njia inayonata

Adui sasa ni kupinduka. Gari linaingia kona kwa kasi, tairi za nje zinashika, bodi inalala, gurudumu la ndani linaachana na ardhi, kisha gari linalala ubavu. Watu wengi hukimbilia kukaza springi za mbele pekee, gari likaacha kugeuka na bado likapinduka. Anza na kimo.

Shusha hadi milimita 17 au 18 mbele na nyuma, na kwenye zulia laini kabisa hata 16. Kila milimita inayoshuka inateremsha uzito wote wa gari, na hakuna badiliko jingine linalozuia kupinduka kwa gharama ndogo kama hili. Angalia tu chasisi isisugue ardhi ukitua kutoka kwenye mruko. Mikwaruzo mipya chini ya pua ni ishara ya kurudi juu nusu milimita.

Kisha zuia magurudumu kushuka. Weka washa za milimita 1 hadi 2 ndani ya shokapu za mbele na za nyuma. Gurudumu la ndani likifika mwisho wa mwendo wake mapema, gari haliwezi kuinuka upande ule. Badilisha kwa milimita 1 kila mara, kwa sababu mshuko mfupi mno hulifanya gari liruke juu ya mashimo madogo.

Oili iwe cst 450 hadi 500 mbele, 375 hadi 450 nyuma. Springi ngumu hatua moja. Vichwa vya shokapu viende tundu moja nje kwenye mnara, na miguu yake tundu moja nje kwenye mkono. Stabilaiza mbele na nyuma, milimita 1.2 hadi 1.4. Ondoa washa iliyo chini ya boli ya ndani ya tairodi ya juu, kinyume na vumbi, ili gari lilale kidogo.

Betri iende mbele. Weka gramu 20 hadi 30 za shaba chini ya servo (mota ndogo ya usukani), mahali pa chini kabisa. Kwenye mshiko mkubwa nyuma inashika yenyewe, na tatizo linahamia mbele: unapokanyaga moto pua inakuwa nyepesi na gari linakataa kona. Ndiyo sababu miaka ya 2010 mabagi yenye mota mbele ya ekseli ya nyuma yalitawala kwenye zulia na mfinyanzi unaonata.

Difu ipande hadi cst 7000 au 10000. Magurudumu yanayozunguka karibu sawa hulisukuma gari mbele kwa nguvu na kulituliza linapoingia kona kwa kasi. Likianza kukataa kugeuka ukiachia moto, difu ni nzito kupita kiasi.

Likiendelea kupinduka baada ya hayo yote, rudi kwenye tairi za mbele: gundi ya ubavuni, tairi nyembamba zaidi, au zilizochakaa. Punguza pia pembe ya usukani kwenye rimoti kwa asilimia 10. Dereva anayegeuza usukani hadi mwisho kwenye zulia atapindua gari lolote.

Dalili na pa kuanzia

Pua inasukuma nje unapoingia kona: laini mbele (springi, au kichwa cha shokapu ndani), kisha betri mbele kidogo, kisha difu nyepesi zaidi.

Pua inasukuma nje unapotoka ukiwa umekanyaga moto: uzito unaikimbia pua na kurudi nyuma. Punguza mshuko wa mbele au kaza springi za nyuma hatua moja.

Nyuma inachomoka unapoingia: breki ya kujivuta ni kubwa, au nyuma ni ngumu kuliko mbele. Punguza breki kwanza, ni bure.

Nyuma inachomoka unapotoka: tairi ya nyuma, kisha betri nyuma, kisha washa chini ya boli ya ndani ya tairodi ya nyuma, kisha punguza ukali wa mota. Kama inatokea kona za upande mmoja tu, usiguse seti. Tafuta shokapu yenye hewa, mkono uliopinda au pini iliyokaza.

Linaruka vibaya, pua chini: ukiachia moto hewani pua hushuka, kwa hiyo mara nyingi ni kidole, si gari. Likifanya hivyo hata ukishikilia moto, springi za nyuma zinarudi kwa nguvu mno. Ongeza cst 50 nyuma.

Njia inapobadilika ndani ya siku moja

Asubuhi njia ya udongo imemwagiwa maji na inashika. Saa sita jua limeikausha, vumbi limerudi. Jioni, baada ya mbio nyingi, mstari mweusi umetokea na njia inanata kuliko asubuhi. Ukishindana siku nzima utapita kwenye hali zote tatu, na hutakuwa na muda wa kujenga shokapu upya kati ya mbio mbili.

Kwa hiyo andaa mapema vitu vinavyobadilishwa kwa dakika tano: seti mbili za tairi zilizogundishwa, difu mbili zilizojazwa (cst 3000 na 7000) zenye alama ya rangi, seti mbili za springi, na stabilaiza iliyokwisha kupimwa. Oili ya shokapu iache ilivyo, isipokuwa joto limebadilika sana. Silikoni hulegea kwenye joto, na kadirio linalotumika ni kupanda hatua moja, cst 25 hadi 50, kwa kila nyuzi 10 za sentigredi. Gari lililosetiwa saa mbili asubuhi kwenye ubaridi huwa laini zaidi saa nane mchana bila mtu kuligusa.

Kabla ya kila mbio rudia vitu vitatu: kimo, kemba ya nyuma, na nati za magurudumu. Kisha andika kwenye daftari saa, joto, hali ya njia, tairi, na mzunguko wako wa kasi kuliko yote, pamoja na wastani wa mizunguko mitano mfululizo. Ukichagua kati ya seti mbili, fuata wastani huo. Seti yenye mzunguko mmoja wa haraka na minne ya kuzunguka kwenye vumbi irudishe ilikotoka.